Mkungu wa Ndizi na Kilo ya Sukari

(Hotuba iliyosomwa Muleba na mwenye duka mmoja mbele ya wenye maduka, wachuuzi na wakulima. Tunaichapa kama alivyoisoma.)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, Mabibi na Mabwana,



Nakushukuruni kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu. Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma chuoni kwa mwalimu wangu mpaka nikahitimu msahafu, na tangu siku ile mwalimu wangu wa pili amekuwa mizani. Nimekaa nyuma ya meza ya duka zaidi ya miaka ishirini: kwanza Kariakoo, Dar es Salaam, nikipima mchele katika duka la mjomba wangu, khalafu Bukoba mjini, na sasa hapa Muleba. Kwa hivyo mengi nitakayoyasema nimeyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono.

Mwenyekiti aliponijia kunitaka nizungumze, aliniuliza jambo moja: kati ya mji mkubwa na mji mdogo, wapi chakula ni rahisi? Nikacheka, kwani swali hilo huulizwa kila siku mbele ya meza yangu, na kila mtu hulijibu kwa haraka. Aliyetoka Dar es Salaam husema, "Nyinyi huku mmebarikiwa, ndizi kwenu ni kama bure." Na aliye huku husema, "Heri wao wa mjini, wao hununua kwa bei ya jumla." Wote wawili wamesema kweli, na wote wawili wamekosea. Muradi wangu leo ni kuonyesha walipokosea.

Alinijia dukani mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa siku nyingi, anayekaa kijiji kilicho mbali kidogo na barabara kuu. Akauliza bei ya sukari, nikamtajia. Akasema, "Mwanangu, Bukoba ni rahisi kuliko kwako. Unatuonea." Nikamjibu, "Ni kweli, mama, Bukoba ni rahisi. Hata mimi huinunua huko huko." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza neno ambalo halijanitoka moyoni mpaka leo. "Na ndizi zangu je? Mbona huko ni ghali na hapa ni rahisi? Mbona kila ninachouza ni rahisi, na kila ninachonunua ni ghali?"

Sikuwa na jibu. Nikampimia sukari yake, akaenda zake. Haya nitakayoyasema sasa ndiyo jibu nililolikosa siku ile.

Natuanze na vitu vya dukani. Chumvi, sabuni, unga wa ngano, mafuta ya kula: vingi katika hivi hutujia kutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Lori hupita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, likafika Biharamulo. Na njia yake ya kawaida kutoka Biharamulo kwenda Bukoba ni hii hii ipitayo hapa Muleba. Sasa tazameni ajabu. Lori linapita mbele ya mlango wa duka langu usiku, nausikia muungurumo wake nikiwa kitandani, na chumvi imo ndani yake. Linakwenda kushusha Bukoba, kiasi cha kilomita 70 mbele. Kesho yake mimi napanda gari kuifuata chumvi ile ile. Nainunua kwa mwenye duka la jumla, nailipia mpakizi, nailipia gari, nairejesha Muleba. Mara ya kwanza imepita hapa bila ya kushuka, na mara ya pili imekuja na gharama mpya juu ya kichwa chake.

Kwa nini iwe hivyo? Si kwa ubaya wa mtu. Lori kubwa haliwezi kusimama kila kituo kushusha katoni mbili. Hushusha pale alipo mtu mmoja awezaye kuununua mzigo wote, kuulipa na kuuweka ghalani. Na mtu huyo hukaa penye benki, penye bandari na penye watu wengi. Fauka ya hayo, mjini wauzaji ni wengi. Mmoja akipandisha bei, mnunuzi huvuka njia akaenda kwa mwenziwe. Vijijini pengine duka ni moja tu, na mnunuzi hana pa kuvukia. Basi unafuu wa mji mkubwa hautoki mbinguni. Unatoka katika mambo mawili: mizigo mikubwa ambayo nauli yake hugawanyika, na wauzaji wengi wanaochungana.

Jambo hili lina asili yake ya zamani. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, bidhaa ziliingia kwetu kwa meli za ziwani, na Bukoba ikawa mlango kwa sababu ya bandari yake. Mlango huo umetuliza pia: tarehe 21 Mei 1996 meli ya M.V. Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu waliopanda upande wetu hawakufika. Leo njia zimezidi. M.V. Victoria ilirejea ziwani mwaka 2020 baada ya kutengenezwa, na mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na magari ya Mwanza yaliyokuwa yakingoja kivuko sasa huvuka moja kwa moja. Kila njia inapofunguka, gharama ya safari hupungua. Lakini gharama ya lori ikipungua, si lazima bei ya mlaji nayo ipungue. Baina ya hizo mbili yumo mwenye lori, mwenye ghala na mwenye duka, na mimi ni mmoja wao.

Wala msidhani kuwa kukaa karibu na kiwanda ndiyo dawa. Kiwanda cha sukari kiko Missenyi, ndani ya mkoa wetu huu huu. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua nyingi za El Niño zilipozuia kazi ya miwa, sukari iliadimika nchi nzima, nasi ikatuadimikia kama wengine, mpaka Serikali ikatangaza bei elekezi kwa kila kanda. Sukari haiulizi imezaliwa wapi. Hufuata bei ya soko lote.

Sasa natuigeukie ndizi, ambayo safari yake ni kinyume. Sukari hupanda bei kwa kadiri inavyokuja kwetu, na mkungu hupanda bei kwa kadiri unavyotuacha. Ukiwa kibanjani, bei yake ni ndogo kabisa. Ukifika barabarani umepanda. Ukifika soko la Bukoba umepanda tena. Ukifika Mwanza au soko la Mabibo, Dar es Salaam, utauona umekatwa vichane, na bei ya kila kichane itakushangaza ikiwa umetoka Muleba.

Je, nyongeza yote ile ni nauli? Si yote. Sehemu moja ni nauli, sehemu ni ndizi zilizoharibika njiani, na sehemu ni haki ya kila aliyetoa jasho. Lakini iko sehemu nyingine, nayo hutokana na namna mkungu unavyouzwa. Sukari yangu naipima kwa mizani. Mkungu wako unapimwa kwa jicho, na jicho hilo ni la mnunuzi. Yeye anajua bei ya Bukoba ya jana; wewe hujui. Yeye anaweza kwenda kijiji cha pili. Wewe umekwisha kuukata mkungu, na ndizi iliyokatwa haina subira. Jua likielekea kutua, na karo ya mtoto yataka kulipwa, bei huwa ile aliyoitaja yeye.

Nitaje pia kuwa ndizi yenyewe si ile ya zamani. Mwaka 2006 ulipoingia mkoani ugonjwa wa mnyauko wa migomba, vibanja vingi viling'olewa mashina. Nyumba zilizokuwa hazijui kununua chakula zikajifunza kununua unga. Mtu aliyekuwa akila ebitoke na maharage ya kibanja chake mwenyewe hakuwa na khabari ya bei ya mahindi. Siku migomba iliponyauka, bei ya mahindi ikaingia nyumbani mwake bila ya kubisha hodi. Basi msemo wa kwamba shamba chakula ni bure ni kweli kwa mwenye migomba mizima tu.

Na ndugu zetu wa visiwani, Bumbire, Ikuza na Goziba, ambao nao ni watu wa wilaya hii, hali yao ni funzo kubwa zaidi. Wao wamezungukwa na sangara na dagaa. Lakini samaki mzuri hupandishwa chomboni kwenda viwandani na mijini, na kitunguu, unga, sabuni na hata ndizi huwafuata kwa chombo, pakiwa na upepo mzuri. Wanauza kwa bei ya ufukweni na wananunua kwa bei ya safari. Swali la yule mama ndilo swali lao.

Nakuja sasa katika jambo ambalo ni zito kwangu kulisema, kwa kuwa linanihusu mwenyewe. Msahafu una sura nzima iliyopewa jina la wale wapunjao vipimo, na tuliifundishwa tukiwa watoto. Mimi sipunji. Mizani yangu ni sawa. Lakini nimegundua kwamba mtu aweza kuwa na mizani ya sawa na bado maskini akalipa zaidi kuliko tajiri.

Sikilizeni hesabu hii. Ni ya mfano tu. Kila mtu aweke bei ya siku yake. Tuseme kilo ya sukari hapa dukani ni shilingi 3,000. Nusu robo ingepasa kuwa shilingi 375. Nani mwenye chenji ya shilingi 25? Basi tunasema 400. Anunuaye nusu robo nane amenunua kilo moja kwa shilingi 3,200. Mafuta ya kula ndiyo zaidi. Tuseme lita ni shilingi 6,000. Tukiifunga katika vifuko kumi na sita, kila kimoja shilingi 500, lita ile ile imeuzwa shilingi 8,000. Aliyenunua lita amelipa elfu sita, na aliyenunua vifuko amelipa elfu nane. Na aliyenunua vifuko ni yupi? Ni yule asiyekuwa na elfu sita kwa mara moja. Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini tuseme pia kibaba hicho ni cha nani, kwani haba na haba za maskini hujaza kibaba cha mwenye duka.

Mtasema, "Na aende Bukoba akanunue kwa rahisi." Haya, tuseme Bukoba kilo ni shilingi 2,800. Akinunua kilo mbili ameokoa shilingi 400. Nauli ya kwenda na kurudi, tuseme ni shilingi 7,000. Mwenye kwenda Bukoba kwa ajili ya kilo mbili za sukari amenunua sukari ya dhahabu.

Liko na la nne, nalo mnalijua kwa jina lake: butura. Miezi ya shida ikifika, na kahawa ingali maua mtini, mtu huchukua chakula au fedha kwa mwenye uwezo na kumwahidi kahawa ile kabla haijaiva. Siku ya mavuno, kahawa ya thamani kubwa inalipa deni la chakula kidogo. Viongozi wamelipiga marufuku jambo hili mara nyingi, na bado lipo, kwani njaa haisomi matangazo. Mwenye kula kwa butura, bei yake ya unga haiandikwi katika duka lolote, lakini ndiyo bei kubwa kuliko zote katika mkoa huu.

Alhasili, Mabibi na Mabwana, nimefika katika kiini cha maneno yangu. Tunakosea tunapolinganisha miji kwa shilingi peke yake. Shilingi ya Muleba na shilingi ya Dar es Salaam ni moja, lakini jasho lililoipata si moja. Mkulima apime chakula kwa mkungu wake. Ajiulize: mkungu wangu mmoja unanipa sukari kiasi gani?

Tuseme, kwa mfano ule ule, kijijini mkungu unauzwa shilingi 5,000, na sukari ya nusu robo nusu robo inafika shilingi 3,200 kwa kilo. Mkungu mmoja unaleta kilo moja na nusu na chembe kidogo. Mkungu huo huo sokoni Bukoba tuseme ni shilingi 9,000, na sukari shilingi 2,800. Sasa unaleta kilo tatu na zaidi. Ni mkungu ule ule, wa mgomba ule ule, na mkono ulioupanda ni ule ule. Katika kilomita 70, ukijumlisha hasara ya kuuza na hasara ya kununua, nusu ya jasho imepotea. Hilo ndilo jibu la mama yangu yule. Anatozwa mara mbili, mara moja anapouza na mara ya pili anapokuja kwangu.

Wala sisemi kuwa mtu wa Dar es Salaam anastarehe. Yeye hana mgomba hata mmoja. Analipa kodi ya nyumba, analipa daladala, na akiugua juma moja hana kibanja cha kumlisha. Mjerumani mmoja, Ernst Engel, aliandika mwaka 1857 kwamba kadiri nyumba inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pato lake inavyokwenda katika chakula. Hilo ni kweli Tandale, na ni kweli Muleba. Maskini wa mjini na maskini wa shamba wasitupiane lawama. Mmoja hununua mkungu ghali na mwenziwe aliuuza rahisi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeiona faida ya katikati.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne, na yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza, mizani. Wakala wa Vipimo wamekataza lumbesa kwa mazao ya gunia. Nasi tukubaliane katika magulio yetu kuwa mkungu nao upimwe kwa kilo. Mizani moja ya kuning'iniza, ya watu wote, itamnyima mnunuzi faida ya jicho lake.

La pili, khabari ya bei. Kila mwezi EWURA hutangaza bei ya kikomo ya petroli mji kwa mji, Bukoba na Muleba zikiwemo, na kila mtu huisoma. Kwa nini bei ya mkungu, ya maharage na ya dagaa katika soko la Bukoba isiandikwe kwa chaki ubaoni katika kila gulio la wilaya hii? Simu tunazo mikononi. Mtu mmoja wa Bukoba akipiga alfajiri, kijiji kizima kimejua.

La tatu, ushuru. Tangu mwaka 2017 mzigo wa mazao usiozidi tani moja, unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine, umesamehewa ushuru wa mazao. Wako akina mama wapelekao mikungu michache Bukoba ambao hawalijui jambo hili, na asiyeijua haki yake huilipia. Waambieni.

La nne, kununua pamoja. Nchi hii haikuanza jana kushirikiana. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya kahawa. Sisi hatuna haja ya kuanza na jambo kubwa. Nyumba kumi zikichanga gunia moja la sukari la kilo 50 kutoka Bukoba, kwa shilingi 2,800 badala ya 3,200 za nusu robo, zimeokoa shilingi 20,000. Toeni nauli ya mmoja na ya mzigo, tuseme 10,000. Zimebaki 10,000, yaani elfu moja kila nyumba. Si utajiri. Lakini ni elfu moja katika sukari peke yake, na bado mafuta, sabuni na chumvi. Na mwenye akiba kidogo hatapelekwa butura na kilo mbili za unga.

Mtaniuliza: wewe mwenye duka, wafundisha watu wasinunue kwako? Nalikhofia jambo hilo usiku mzima wa jana nilipokuwa nikiandika. Lakini nimeona kuwa mteja asiyekuwa na kitu hanifai. Mwezi wa shida ananikopa, mwezi wa mavuno kahawa yake imekwisha kuchukuliwa, na daftari langu la madeni linajaa majina ya watu ambao sina moyo wa kuwadai. Akibakiwa na elfu moja, ataileta kwangu kununua kiberiti, daftari la mtoto na mafuta ya nywele. Fauka ya hayo, tangu wiki iliyopita nimeanza kuuza mafuta kwa bei ya lita hata kwa anunuaye robo lita, maadam amekuja na chupa yake. Faida imepungua kidogo, na bado duka liko wazi.

Yule mama hakuja tena tangu siku ile. Akija, nitamwambia kuwa aliuliza sawa, na kuwa sehemu ya jibu ilikuwa juu ya meza yangu mwenyewe.

Nimefika khatima. Nilipokosea mnisahihishe, kwani wapo humu wanaoujua mgomba kuliko ninavyoijua mizani.